Mkunjo wa Saba

Nilibisha hodi, nikaingia bila kusubiri jibu. Alikuwa ameinamia rundo la insha, kalamu nyekundu mkononi. Aliponiona uso ulimchanuka, kisha macho yake yakanipita, yakachungulia korido nyuma yangu.

"Karibu, mpenzi. Rudisha mlango."

Niliurudisha. Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya chaki: meza, viti viwili, kabati la chuma, na nyuma ya mlango koti la Profesa likining'inia kwenye msumari. Koti hilo nalo lilikuwa sehemu ya kazi yake ya mwalimu msaidizi wa Profesa. Kila Jumatatu alilichukua kwa dobi, akalibeba mkononi hadi ukumbini, na kipindi kikiisha akalipokea tena. Ndiyo sababu wanafunzi walimwita Kivuli. Kwa miezi minane nilikuwa nawakasirikia kwa jina hilo.

Niliweka mkoba wangu sakafuni taratibu, kwa sababu ya kilichokuwamo, kisha nikaweka fomu mezani.

"Nini hii?"

"Fomu ya kuacha somo. Inataka sahihi ya mwalimu msaidizi."

Aliisoma mstari kwa mstari, ingawa alikuwa ameshasaini nyingine thelathini na moja muhula ule ule. Akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja.

"Umeogopa," alisema kwa upole. "Si vibaya. Kila mtu huogopa. Mwaka wangu tulianza sabini, tukamaliza tisa."

"Sijaogopa."

"Basi ni yale ya Alhamisi. Bado una hasira."

"Ya Alhamisi nimeshayameza."

"Sasa?"

"Saini kwanza, halafu nitakueleza."

"Nieleze kwanza, halafu sitasaini." Akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, ambalo siku ya kwanza lilinifanya nimwage gundi kwenye viatu vyangu mwenyewe.

Siku ya kwanza alikuja kwenye karakana yetu. Baba yangu ni fundi wa kujalidi vitabu, nami ni fundi kwa sababu nilizaliwa mle ndani. Alileta tasnifu yake, nakala nne, akataka jalada jeusi na herufi za dhahabu. Tulimwambia arudi kesho. Akasema atasubiri. Akakaa saa tatu kwenye kigoda, gundi ikikauka, akiuliza maswali: sindano hii ni ya nini, nta ya nini, kwa nini mnapiga nyundo mgongo wa kitabu. Wateja wengine hutuuliza lini tu. Jioni ile nilimwambia Baba kwamba nimeona msomi anayeuliza, na Baba akasema, "Mh," bila kuinua macho kutoka kwenye mashine ya kukatia.

Mama yake hakusema "mh". Mama yake alisema kila kitu, tena nikiwa nimeketi mbele yake na sinia la vikombe magotini.

"Mwanangu ana shahada tatu. Hawezi kuoa gundi."

"Mama," Kivuli alisema.

"Mama nini? Nimemtukana? Si ndiyo kazi yake? Akasome kwanza. Alipite somo la Profesa, lile lililowashinda watoto wenye akili zao. Akilipita, nitakwenda mwenyewe kwa baba yake, kwa miguu. Asipolipita, kila mtu abaki na ndoo yake."

Kwa hiyo nilijiandikisha. Ndoa yangu ilikuwa imewekwa ndani ya somo moja la fasihi, na ufunguo alikuwa nao mzee mmoja ambaye hakuwa akitusalimia.

Wanafunzi waliliita somo hilo Machinjioni. Muhula mzima tulisoma riwaya moja tu, ya zamani, ambayo nakala yake pekee ilikuwa maktaba. Sisi tulisomea fotokopi. Profesa aliingia akiwa amechelewa dakika tano, akamnyooshea mtu kidole asimame asome, na mtu akifika mstari wa tatu alimkata: "Keti." Hakueleza umekosea wapi. Alisema "Keti" tu, na mtu aliketi wiki nzima. Wengine waliketi wakainuka moja kwa moja kwenda kwa msajili. Viti viliendelea kuwa vitupu, naye alivitazama viti hivyo kwa furaha, kama mkulima anayetazama shamba lililopaliliwa.

Riwaya yenyewe niliipenda. Inahusu mwanamke mpishi katika nyumba kubwa, anayependwa na mtoto wa mwenye nyumba. Siku moja kijana anamwandikia barua ya kumwomba asubiri, asubiri kidogo tu, mpaka wazee wakubali. Sura inaishia mpishi amesimama mlango wa jikoni, barua mkononi, kijana mbele yake. Ukifungua ukurasa unaofuata, mpishi yuko barabarani na sanduku lake, ameshaondoka. Alichosema mlangoni hakimo.

Profesa alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya pengo hilo. Aliliita Ukimya Mkuu. "Mwandishi mdogo angempa maneno," alikuwa akisema, amefumba macho. "Mwandishi mkubwa anajua kwamba mwanamke wa jikoni hana maneno. Lugha yake inaishia kwenye kizingiti." Na Kivuli naye tasnifu yake, zile kurasa mia tatu nilizozishona kwa mikono yangu, ilihusu ukimya huo huo.

Alhamisi ile niliinua mkono.

"Profesa, samahani. Nadhani hapa kuna kurasa zimepotea."

Nilieleza kwa utaratibu, maana sijui kueleza kwa njia nyingine. Kitabu hakishonwi kurasa moja moja. Karatasi kubwa huchapwa, hukunjwa mara tatu, ikawa kurasa kumi na sita. Huo ni mkunjo mmoja. Mpiga chapa huweka namba ndogo chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo, ili fundi asichanganye. Kwenye fotokopi zetu namba hizo zilionekana kama vidoa. Nilivihesabu vidoa hivyo. Kulikuwa na tano, kulikuwa na sita, halafu nane.

"Na namba za kurasa?" aliuliza Profesa. "Mbona zinafuatana?"

"Hizo za juu zimeandikwa kwa penseli, Profesa. Zile za chapa zilikatwa zamani."

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi wa kujalidi vitabu."

"Aaa." Aligeukia darasa. "Miaka kumi na minne nafundisha kitabu hiki. Wameniletea hoja maprofesa kutoka ng'ambo. Leo nimeletewa hoja na gundi." Walicheka. "Fundi huona ngozi, binti. Sisi tunatafuta roho. Keti."

Nikaketi. Sikuumizwa na kicheko cha darasa, kwa kuwa watu wanaoogopa hucheka upesi. Niliangalia mstari wa mbele, pale alipokaa Kivuli na koti la Profesa mapajani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilijiambia huenda anakohoa. Mimi si mwepesi wa kuhukumu, na kukohoa ni jambo la kawaida.

Hayo ndiyo ya Alhamisi, na kweli niliyameza. Yaliyonileta kwenye ile ofisi ni ya Jumamosi.

"Maktaba wametuletea vitabu kumi na viwili vya kutengeneza," nilimwambia sasa. "Kimojawapo ni ile riwaya yenyewe. Mgongo umevunjika kwa kulazwa kwenye mashine ya fotokopi."

Kalamu nyekundu ilisimama.

Nilikitoa kitabu kwenye mkoba, nimekifunga kwa kitambaa safi, nikakiweka mbele yake. Jalada lilikuwa jipya, la kijani. Aliligusa kwa ncha za vidole.

"Kazi nzuri," alisema. "Kazi yako siku zote ni nzuri."

"Kifungue."

Nilikuwa nimejiandaa kumwelekeza. Nilikuwa nimepanga nimwonyeshe kwanza mkunjo wa sita, halafu chini, pembeni, ile namba ndogo ambayo mtu asiye fundi haioni hata ukimwekea taa. Sikupata nafasi. Alikifungua katikati, akageuza kurasa mbili, na kidole chake kikashuka chenyewe hadi chini ya ukurasa, pembe ya kushoto, kikatulia juu ya ile saba.

Nilikitazama kidole kile. Kilikuwa kizuri, kirefu, chenye doa la wino mwekundu. Nilikuwa nimekibusu.

"Umepata wapi?" aliuliza.

"Kwenye droo ya Baba."

Nilimweleza. Baba ana droo anayoiita ya mayatima: mikunjo iliyobaki, isiyojulikana ni ya kitabu gani. Nilipokuwa mtoto vitabu vya wateja havikuguswa na vidole vyangu, kwa hiyo nilijifunza kusoma kwa mayatima hao. Mmoja niliupenda kuliko yote. Ulikuwa na mwanamke anayezungumza kurasa kumi na sita bila kupumzika, anamwambia mwanamume fulani mambo. Unaanza hivi: *Keti. Leo nasema mimi.* Haukuwa na jina la kitabu wala la mtu. Mimi nilidhani yule mwanamke ni malkia. Nani mwingine angemwambia mwanamume keti?

Jumamosi, tulipofumua uzi wa kitabu cha maktaba na kupanga mikunjo mezani, Baba alihesabu mara moja, akahesabu tena, akavua miwani. Kisha akaenda kwenye droo. Alipouweka ule mkunjo kati ya wa sita na wa nane, matundu ya sindano yalilingana yote matano.

"Ni mkono wangu huu," alisema. "Kililetwa kimeliwa na mchwa kwa juu, nikakata kingo. Mkunjo mmoja ulikuwa umechanika mgongoni. Nikauweka kando niubandike karatasi nyembamba, ukauke." Aliifuta miwani yake. "Ilikuwa wiki ya mama yako."

Sikuuliza zaidi. Wiki ya mama yangu kuzikwa Baba alifanya kazi kila siku, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Kwa hiyo baba yako ndiye aliyeupoteza," Kivuli alisema taratibu.

"Ndiye. Na amesema hivyo." Nilimfungulia nyuma, ndani ya jalada, mahali ambapo Baba alibandika kipande cha karatasi kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: *Mkunjo wa saba wa kitabu hiki ulisahauliwa na fundi. Umerudishwa. Fundi anaomba radhi.*

Aliyasoma maneno hayo, akacheka kidogo kwa pua.

"Anaomba radhi! Mpenzi, hajui hata alichokifanya. Baba yako ndiye aliyemfanya mzee awe profesa."

Simu yake ikalia. Akalitazama jina, akanitazama mimi, akapokea. Sauti ya mama yake haikuhitaji spika.

"Mwanangu, yule binti wa gundi bado yumo darasani, au ameshafukuzwa?"

"Yumo, mama. Anaendelea vizuri."

"Anaendelea kwenda wapi? Hata gari bovu likisukumwa linaendelea."

"Mama, tutaongea baadaye. Nina mtu hapa."

"Nani?"

Macho yetu yalikutana. Yake yalikuwa na ule weusi laini ambao nilikuwa nimeushonea maisha mazima kichwani: nyumba ndogo, kabati la vitabu, watoto wawili wenye vidole virefu.

"Mwanafunzi tu," alisema, akakata simu.

Kwenye ukurasa wa pili wa mkunjo wa saba mpishi anamwambia yule kijana: *Jikoni unaniita kwa jina. Sebuleni unaniita wewe.* Nilikuwa nikiisoma sentensi hiyo tangu nina miaka tisa. Nilidhani ninaielewa.

"Uliuliza," nilimwambia.

"Niliuliza nini?"

"Siku ya kwanza, pale kwenye kigoda. Ulimwuliza Baba: hii namba ndogo chini ya ukurasa ni ya nini? Naye akakueleza, ya kupanga mikunjo, ikikosekana moja ujue mkunjo umekosekana. Ukanyamaza. Ukatazama mezani muda mrefu. Mimi nilidhani unatazama mikono yangu."

Aliifunika kalamu nyekundu.

"Ulikuwa unatazama tasnifu yako, ukikumbuka kwamba riwaya haina namba saba. Nilikuwa sijaanza hata kuishona. Ungesema tu, nirudishieni, kuna kitu nataka kubadili."

"Miaka sita," alisema. "Unajua miaka sita ni nini? Kubeba koti lile. Kusahihisha insha zake. Kucheka akicheka. Ningerudi kwake nimwambie nini, Profesa, maisha yako yote ni kosa la fundi? Angenitupa nje siku hiyo hiyo. Nisingekuwa na kitu. Na wewe je? Mama angekuwa anakukataa kwa ajili ya nani, mtu asiye na kazi?"

Nilimwonea huruma. Nataka hilo lijulikane. Nilitazama kola yake iliyogeuzwa upande wa pili ili ionekane mpya, na ile stoo ya chaki, na nikaona mtu aliyeshikwa. Kama angenyamaza hapo, ningerudisha fomu mkobani, ningekaa Machinjioni hadi mwisho, na leo ningekuwa naandika sura nyingine.

Lakini aliuona uso wangu umelegea, akasogeza kiti.

"Sikiliza. Usiache somo. Insha ya mwisho nitakuandikia mimi. Nani atajua? Mimi ndiye ninayesahihisha."

"Utaandika nini?"

"Anachotaka mzee. Kwamba mpishi hakusema kwa sababu hakuwa na lugha."

"Amesema kurasa kumi na sita."

"Ndiyo, na umezisoma?" Alipiga ukurasa kwa kucha. "Zisome vizuri, achana na utoto. Anaongea habari za masufuria! Funguo! Viatu vyake vilivyowekwa nje mvua ikanyesha! Hilo ni domo la jikoni, mpenzi, si fasihi. Akinyamaza pale mlangoni anakuwa mkubwa. Akifungua mdomo anakuwa mpishi tu. Kwa kweli baba yako alikifanyia kitabu wema. Mwanamke yule ni bora akiwa kimya."

Kulikuwa na nzi kwenye dirisha. Nilimsikiliza nzi kwa muda.

Watu husema mapenzi huvunjika kwa kishindo. Yangu hayakutoa sauti. Nilimtazama mtu mwenye shahada tatu akiwa na hofu ya mwanamke wa kwenye karatasi, na kilichonijia si uchungu hata kidogo. Kilikuwa ni kile unachohisi unapokata jalada la bei kubwa ukakuta ndani wameweka maboksi. Hulii. Unakunja uso tu, unatafuta mahali pa kutupa.

"Saini," nilisema.

"Umekasirika."

"Sijakasirika. Saini."

"Mama hatakuja kwenu. Unalijua hilo?"

"Asichoshe miguu."

Akapiga hesabu zake. Nilizisoma usoni kama namba za mikunjo. "Utamwambia nani?"

"Ukisaini sitasema neno. Si kwa Profesa, si kwa darasa, si kwa mama yako."

"Unaapa?"

"Umewahi kunisikia nikisema uongo?"

Hakuwahi. Alivuta fomu haraka, akasaini, halafu kalamu ikasita kwenye mstari wa chini, ule wa sababu. Akaandika bila kuniuliza: *Somo limemzidi uwezo.*

"Ni maneno ya kawaida," alisema alipoona naangalia. "Kila mtu huandikiwa hivyo."

"Najua. Una mwandiko mzuri."

Niliichukua fomu, nikaanza kukifunga kitabu kwa kitambaa. Mkono wake ukaja juu ya wangu. Wiki mbili kabla, mkono ule ungetosha kuniharibia siku nzima kwa furaha.

"Hicho niachie. Nitakirudisha mimi."

"Maktaba walinisainisha mimi. Nitakirudisha mimi."

"Mpenzi. Ni mkunjo mmoja tu."

Nilielewa alichokuwa akikipima kwa kidole gumba, pale kwenye mgongo wa kitabu.

"Nimeushona kwa uzi wa mara mbili," nilimwambia, "na nimepitisha uzi wa mkunjo wa saba kwenye wa sita na wa nane. Ukiuchomoa huo, kitabu kizima kinafumuka mikononi mwako. Halafu sikuukata kingo. Umetokeza kuliko mingine, kwa upana wa ukucha. Hata kipofu atauona." Niliutoa mkono wangu chini ya wake. "Kwaheri, Mwalimu."

Kwenye ofisi ya msajili karani alikuwa akila karanga. Aliisoma fomu yangu, akanitazama kwa huruma kubwa.

"Pole, dada. Lile somo si mchezo. Wewe wa thelathini na mbili."

"Asante."

"Usijidharau lakini. Kuna watu vichwa vyao ni vya mikono." Akapiga mhuri.

Nilicheka hadi kwenye ngazi za maktaba. Karani wa watu hakuwa na kosa. Ila nilishangaa jinsi jengo lile lilivyokuwa na watu wengi hodari wa kunipa pole.

Mkutubi alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Aliugusa ule ukingo uliotokeza, akafungua pale, akaangalia namba za chapa zilizo juu, tisini na saba hadi mia na kumi na mbili, kisha zile za penseli kwenye kurasa nyingine zote. Hakuuliza kitu. Akafungua nyuma, akasoma karatasi ya Baba mara mbili.

"Nina miaka ishirini na sita humu ndani," alisema. "Hii ndiyo mara ya kwanza naona mtu ameomba radhi kwa maandishi."

"Ni baba yangu."

"Msalimie. Mwambie kesho asubuhi kinakwenda kwenye fotokopi, kiende chote. Darasa zima limeomba nakala zake mpya za kusomea mtihani."

Alikuwa ameshika mhuri wa kurudisha vitabu mlango ulipofunguliwa kwa nguvu. Ni yeye, anahema, amekimbia uwanja mzima, koti la Profesa mkononi kwa sababu alisahau kuliacha. Nilimwona kabla hajaniona. Na moyo, huo mnyama usiofundishika, uliruka. Nilidhani amenifuata mimi. Kwa muda wa hatua nne nilidhani hivyo, na kama angesimama mbele yangu sijui ningefanya nini.

Macho yake yalinipita, yakatua kaunta.

"Naomba kukiazima hicho," alimwambia mkutubi. "Leo tu."

"Hakiazimwi, Mwalimu. Unajua."

"Mimi ni mwalimu wa somo!"

"Na mimi ni mkutubi." Mhuri ukashuka. "Kinasomewa hapa hapa."

Ndipo alipogeuka kwangu. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, kitu ambacho zamani ningekifuta kwa kidole.

"Uliapa hutasema neno!"

Nilimtazama tu. Sikuwa nimesema neno.

"Sasa unanitazama nini?" Sauti yake ilishuka. "Sema kitu basi. Nitukane. Usininyamazie hivi, siwezi. Niambie unachofikiri juu yangu, chochote!"

Kurasa mia tatu zenye herufi za dhahabu juu ya ukimya wa mwanamke, na dakika moja ya ukimya wenyewe ilikuwa imemshinda.

"Kiko ukurasa wa tisini na saba," nilisema. "Anzia juu."

Nilitoka. Kwenye karakana vitabu kumi na kimoja vilikuwa vinanisubiri, na Baba asingekunywa chai kabla sijamwambia kimefika salama. Nilipofika mlango wa kioo nilitazama nyuma mara moja. Alikuwa amesimama pale pale kaunta, koti likiburuza sakafuni, kitabu kimefunguliwa mikononi, midomo ikitembea taratibu kama ya mtoto anayejifunza kusoma. Na nikamsikia mkutubi akimwambia, bila kuinua kichwa:

"Keti, Mwalimu. Umeniziba mwanga."